Kitabu cha ndovu kilivyotuletea 2008 darasani

Kisa chenyewe ni hiki. Jumamosi moja Nakuru, kwenye kilabu ya kusoma ya watoto wa Grade 3 mpaka 5, mwalimu alisoma kitabu cha picha kuhusu ndovu waliokufa Tokyo wakati wa vita vya pili vya dunia, mtoto mmoja akauliza swali, mwenzake akamjibu kwa kutaja kabila, mwalimu akafunga kitabu, na kufika jioni grupu ya wazazi ya WhatsApp ilikuwa inawaka. Basi. Hakuna aliyepigana, hakuna aliyefukuzwa. Lakini mengi yaliyosemwa baadaye, ati picha zilikuwa kali, ati watoto ni wadogo, ati mambo ya Wajapani yanatuhusu nini, naona hayakugusa shida yenyewe hata kidogo, ndio maana nimekaa nikaiandika yote.

Kwanza mahali. Kilabu inakutana kwa darasa la kuazima upande wa Kaptembwo, watoto wengi ni wa hapo hapo na Rhonda, wengine wanaletwa na boda kutoka Kiti na Free Area, na kama unaijua Nakuru unajua lile darasa likijaa limebeba nusu ya Kenya, kila mtoto na lugha ya nyumbani kwao, wote wanagombania penseli moja ya rangi nyekundu. Vitabu vyetu vingi ni vya katoni, zile za msaada kutoka ng'ambo, kwa hivyo utapata kitabu cha theluji, utapata kitabu cha mbwa anayelala kitandani na wenye nyumba, alafu katikati kuna kitabu cha vita ambacho hakuna mtu alikiagiza. Vita vya hapa kwetu, vile vya 2008 baada ya uchaguzi, havikuwa kwa hio katoni. Mwalimu, nitamwita Tichaa tu kwa sababu ndivyo watoto wanamuita, anasoma Kiingereza akigeuza Kiswahili papo hapo, watoto wamekaa chini wamemzunguka maana kopi ni moja, na mimi niko nyuma na sufuria ya uji.

Kitabu kinaitwa Faithful Elephants, stori ni ya Yukio Tsuchiya, ilitoka Japani 1951, na hii yetu ya Kiingereza ni ya 1988, michoro ni ya Ted Lewin, rangi za maji, kazi safi sana. Tuko kwa zoo ya Ueno mjini Tokyo, vita vimechacha, mabomu yananyesha kila siku kama mvua, na watu wanaogopa bomu likipiga zoo, wanyama wakali watatoroka waingie mjini. Kwa hivyo kwa amri ya jeshi simba, chui, dubu na nyoka wakubwa wanapewa sumu. Wanabaki ndovu watatu, John, Tonky na Wanly. John anapewa viazi vimechanganywa na vya sumu, anabagua, vizuri anakula, vibaya anarusha. Wanajaribu sindano lakini ngozi inavunja sindano. Mwishowe wanamnyima chakula mpaka anakufa. Alafu inafika zamu ya wale wawili wa kike, na hapo ndio hii kitabu inakumaliza, kwa sababu wamekonda mpaka mbavu zinahesabika na bado wakiona mlinzi wao anapita wanajikokota, wanasimama, wanainua mikonga juu na kufanya ile michezo waliyofunzwa, wakidhani wakicheza vizuri watalishwa kama zamani. Wanakufa. Ndege za adui ziko juu, walinzi wanalia wakipaza sauti vita viishe.

Sasa vile ilienda. Walilia kadhaa, si wote, na si pale nilikua nimetarajia. Zile mbavu hazikuwatisha, kuna wawili waliomba ukurasa urudishwe wahesabu. Kilichowamaliza ni ule mchezo wa kuomba chakula. Mmoja wa Grade 3 akasema kwa sauti, si basi wangepewa hata sukuma. Alafu msichana mmoja wa Grade 4, huyu ni wale wa kuuliza mpaka unaomba kengele, akasema, "Tichaa, mbona hawakuwapeleka mbali? Si wangewekwa kwa lori?" Mwenzake akadakia waletwe hapa Lake Nakuru, nyasi ni mob. (Park ya Lake Nakuru haina ndovu, ina vifaru na nyati na twiga na seng'enge kuizunguka, lakini hio haikuwa saa ya kumrekebisha mtu.) Tichaa akawajibu venye kitabu kinajibu, kwamba ilikuwa vita, mabomu yalikuwa yanaanguka, hakukuwa na namna. Msichana hakuridhika. "Lakini nani ndio alisema wauawe?"

"Ni vita, mama. Vita ndio hivyo."

Hapo kijana mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anaongezea tu stori, kwamba hata kwao kulikuwa na vita na nyumba ya cucu yake, yaani nyanya yake, ilichomwa, na yeye pia anataka kujua nani alisema ichomwe. Kabla Tichaa afungue mdomo mwingine akamjibu, akataja kabila. Sitaandika ni lipi kwa sababu nikiandika hio ndio itakuwa stori yote, watu wataacha kusoma waanze kuhesabu. Ila mtoto wa hilo kabila alikuwa amekaa hapo katikati, na aliyekuwa amemuegemea akasogea. Tichaa akafunga kitabu akasema uji uko tayari. Uji ulikuwa bado.

Jioni voisnoti ikaingia kwa grupu, ya mama mmoja, na hii naitoa kwa ruhusa yake: "Mwalimu, mimi nakuheshimu sana na wewe unajua. Lakini huyu mtoto amekuja ananiuliza kama baba yake ni wa wale waliochoma. Mimi nilikaa Showground kwa tenti nikiwa msichana, nimenyamaza miaka yote hii ndio asijue. Nani amewatuma?" Showground ni pale walipokaa kambini waliofukuzwa makwao 2008. Baba watoto wake ni wa kabila lililotajwa, yeye si wa hilo. Ndoa kama hizo Nakuru ziko kila ploti. Baada yake wakafuatana: baba mmoja akasema yeye anaona ni sawa watoto wajue mapema, mwingine akaandika tuache siasa kwa mambo ya watoto, mwingine akapiga picha ukurasa wa ndovu mwenye mbavu (sijui aliutoa wapi, kitabu kilikua kwa begi ya Tichaa) akasema hizi picha ndio zinafanya watoto waote vibaya usiku. Na hio ya picha ndio ilishika. Kufika Jumapili mjadala wote ulikuwa picha kali, picha si kali, nani aliziidhinisha.

Mimi nasema picha hazikuwa na makosa. Nilienda kutafuta hio stori ya ndovu ilivyokuwa kweli, kwa sababu swali la yule msichana la lori lilikataa kunitoka, na nilichopata kilinigeuza kabisa venye naangalia kile kipindi.

Ndovu ni wa kweli, majina ni ya kweli, viazi na njaa ni kweli. Mvua ya mabomu ndio haikuwepo. Walikufa 1943: John tarehe 29 Agosti, Wanly Septemba 11, Tonky Septemba 23. Tokyo wakati huo ilikuwa imepigwa na ndege mara moja tu, Aprili 1942, ule uvamizi wa ndege za Marekani ulioongozwa na Doolittle, na mabomu makubwa yalianza Novemba 1944, yaani zaidi ya mwaka mzima baada ya ndovu wa mwisho kufa. Usiku ule mbaya kabisa wa Tokyo, uliokufa watu kama laki moja, ni wa Machi 1945. Na amri haikutoka kwa jeshi, ilitoka kwa gavana wa Tokyo, Shigeo Odachi, mtu wa ofisi, aliyekuwa ameingia kazini mwezi wa saba huo huo. Katikati ya Agosti akamwita aliyekuwa anashikilia zoo kwa muda, Saburo Fukuda, akamwambia wanyama hatari wauawe. Na sasa sikia hii: watu wa zoo walikuwa wamepanga ndovu ahamishwe, apelekwe zoo ya Sendai kaskazini. Gavana akakataa. Kwa hivyo yule mtoto wa Grade 4 aliyeuliza kuhusu lori, akiwa Kaptembwo na hajawahi sikia Ueno, aliuliza swali lile lile Fukuda alilopeleka kwa bosi wake, na sisi tukamjibu "ni vita".

Kwa nini gavana akatae? Wanahistoria waliochimba wanaona alitaka wananchi waamke, wajue vita vimefika pabaya na wajiandae, kwa hivyo kifo cha wanyama wanaopendwa na watoto kilikuwa tangazo. Na tangazo likafanywa kweli: Septemba 4 kulikuwa na ibada ya kumbukumbu hapo zoo, watoto wa shule wakaletwa, na siku hio Tonky na Wanly walikuwa bado hai, wamefichwa nyuma ya pazia, wanakufa njaa wakati sala zao za mazishi zinasomwa. Nilisoma hapo nikaweka simu chini.

Tsuchiya simlaumu sana. Aliandika miaka sita baada ya vita kuisha, alitaka mtoto achukie vita, na stori yake ilisomwa redioni Japani kila tarehe 15 Agosti kwa miaka mingi, siku ile walisalimu amri. Lakini angalia kazi ambayo mabomu yanafanya kwa kitabu. Yanabeba lawama yote. Mtoto anatoka pale akijua kwamba vita ni kitu kinachotoka juu, kinakuja, kinapita, na walio chini wote wanalia pamoja, mlinzi, jeshi, ndovu. Hakuna anayeamua. Hata lile neno moja la amri ya jeshi linapita haraka hivi hakuna mtoto hata mmoja wetu alilikumbuka tulipowauliza baadaye.

Na hapo ndipo kijana wa cucu aliingilia. Kama vita havina mtu, na yeye anajua vizuri nyumba ya cucu haikujichoma, basi lazima ile nafasi ijazwe na kitu, na kitu kilicho karibu kabisa na mkono wa mtoto wa Nakuru ni kabila. Hakufunzwa hapo, alikuja nalo kutoka nyumbani, lakini ni sisi tuliacha nafasi wazi.

Tichaa mwenyewe sitaki aonekane mbaya. 2008 alikuwa darasa la saba hapa hapa Nakuru, anakumbuka kafyu, anakumbuka kulala na viatu, na alikuwa hajawahi kuongea hayo mbele ya mtu. Kitabu alikichagua kwa nia njema akijua Japani ni mbali, watoto watajifunza ubaya wa vita bila kuguswa. Hii ni fikra ya walimu wengi na si ya kijinga, umbali unasaidia, unampa mtoto mahali pa kuweka huzuni yake bila kuogopa mtu aliye karibu naye. Lakini mtoto hakai huko mbali. Atavuka, na atavuka haraka kuliko mwalimu, kwa hivyo ukifungua kitabu cha vita vya Tokyo ndani ya Nakuru inabidi uwe ulishajiuliza utamwambia nini akifika upande huu. Yeye hakuwa amejiuliza, akashtuka, akafanya kitu ambacho wazazi wetu karibu wote walifanya, akaleta chakula.

Tulikaa sisi watatu, Tichaa, mimi na mzee mmoja mstaafu aliyefundisha historia sekondari, tukaangalia tufanye nini. Pendekezo la kwanza lilikuwa kitabu kirudi kwa katoni na tuombe msamaha kwa grupu. Ingekuwa rahisi, lakini swali la kijana lilikuwa limeshasikika na watoto wote, na kulinyamazia kungekuwa jibu. La pili, mzee akasema tutafute kitabu cha picha kikali zaidi ila kinachosema ukweli, akataja Hiroshima no Pika ya Toshi Maruki, ya 1980, kuhusu msichana wa miaka saba anayeitwa Mii asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945. Hicho kina miili uchi imeungua, kina mtoto ambaye vidole vimekataa kuachilia vijiti vya kulia chakula, na mwishoni mama ya Mii anasema wazi kwamba hayo hayatatokea tena mtu asipoangusha bomu. Mtu. Kwa hivyo kwa upande wa damu ni kikali mara kumi ya cha ndovu na kwa upande wa ukweli kiko sawa zaidi. Lakini singekisomea Grade 3, na Tichaa naye alikataa, akasema ataonekana anawajibu wazazi kwa kiburi. Tukaachana nalo.

Tulichofanya ni kurudi na kitabu kile kile. Tichaa alimpigia simu yule mama kabla, wakaongea karibu saa nzima, sijui yote waliyosema, najua tu mtoto wake hakuja Jumamosi hio na Tichaa alisema ni haki yake.

Tukabandika karatasi ndefu ya manila ukutani, tukachora mstari, tukaandika tarehe: Aprili 1942, Agosti 1943, Septemba 1943, Novemba 1944, Machi 1945. Tukakata ndovu watatu na ndege kutoka kwa kalenda za zamani na karatasi za kawaida, tukawaambia watoto tutasoma kidogo kilichotokea kweli na wao wabandike kila kitu mahali pake. Ndege moja ikaenda 1942. Ndovu wakaenda 1943. Ndege zingine zote zikaenda kule mwisho. Walikaa wanaangalia ule mstari, alafu mmoja akaruka, "Kumbe ndege zilikuwa hazijakuja!" na darasa likalipuka, wakawa wanaongea wote pamoja kwa hasira kabisa, kama wamedanganywa dukani chenji. Tichaa hakuwatuliza. Akaandika ubaoni maswali manne tu: nani aliamuru, nani alitii, nani alijaribu kukataa, nani alidanganywa. Wakajaza. Gavana. Walinzi. Fukuda na mpango wake wa Sendai, hapo msichana wa lori alisimama juu ya deski, mtu akamshusha. Na kwa la mwisho waliandika "watoto", wale waliopelekwa kwenye ibada, na nikuambie hio ibada ndio iliwauma kuliko kifo chenyewe, mmoja aliuliza mara mbili kama kweli ndovu walikuwa wanasikia wakiimbiwa. Tukawapa pia ile ya 1949, kwamba watoto wa Tokyo waliomba ndovu mwingine na Waziri Mkuu wa India, Nehru, akawatumia mmoja aliyempa jina la binti yake, Indira. Walipenda lakini hawakukaa hapo sana.

Alafu karatasi. Tichaa akawaambia wachore vita yoyote wanayoijua. Nilipita nikiangalia. Karibu wote walichora ndege, na wale waliochora ya hapa kwetu, waliosikia nyumbani, walichora nyumba na moto. Nyumba, moto, moshi mwingi sana, anga nyekundu, na hakuna mtu. Hata mmoja. Nilikuwa naona kile kitabu tena, kimechorwa na watoto wetu bila kuambiwa.

Hapo Tichaa akafanya kitu ambacho hakikuwa kwa mpango wetu, na ndio naona kilikuwa bora kuliko manila yote. Akawa anapita kwa kila mtoto anauliza, "Nani yuko hapa?" Anauliza tu hivyo anaenda. Wakaanza kuongeza. Mmoja akaongeza mtu na jerikeni. Mwingine mwanamke na godoro kichwani. Mwingine lori limejaa watu na dereva, akasema huyo dereva ndio alileta cucu mpaka Afraha, kwa stediamu. Mwingine akachora mlango na watu miguu tu inaonekana chini ya kitanda, akasema hao wamefichwa na jirani. Kijana wa kwanza, wa nyumba ya cucu, alichora mtu amesimama mbali anahesabu pesa. Tichaa akamuuliza huyu ni nani. Akasema hajui, lakini babu alisema walikuwa wanalipwa.

Sheria ilikuwa moja na iliwekwa mapema: tunasema mtu alifanya nini, hatusemi ni wa wapi. Kuna mama mmoja baadaye alisema hio ni kuficha ukweli kwa adabu. Nimeifikiria na sikubali. Tume ya Waki, ile iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchi nzima, na ukisoma ya Nakuru utaona wiki ile ya mwisho ya Januari 2008 walioumizwa na walioumiza walikuwa pande zote, huku wengine wakiwa ni watu waliofukuzwa juu huko Rift Valley wakafika mjini na hasira zao. Ukimpa mtoto wa miaka tisa kabila kama jibu, umempa jibu la uongo, si jibu kali. Mtu na jerikeni ni ukweli zaidi. Mtu anayehesabu pesa mbali ni ukweli zaidi ya hapo.

Ile ya "nani aliamuru" ya kwetu ndio ngumu, na watoto waliiuliza tena, lazima. Mzee wa historia ndiye alijibu na alijibu vizuri, bila hotuba: kwamba kulikuwa na uchaguzi tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, watu wakakataa, wengine walikuwa na hasira za mashamba tangu 1992 na kabla, wengine walitumwa, wengine walilipiza, wakubwa wakaweka sahihi makubaliano Februari 28, na kesi zilizoenda korti ya kimataifa huko Hague ziliisha bila mtu kupatikana na hatia, moja 2014 ingine 2016. "Kwa hivyo hatujui?" msichana wa lori akauliza. Mzee akasema kuna watu wanajua, lakini hakuna korti imesema. Msichana akakubali hilo jibu kwa urahisi kuliko lile la vita ndio hivyo. Mimi nafikiri ni kwa sababu lilikuwa na watu ndani.

Rafiki yangu wa Kisumu anataka kujaribu hii na watoto wa huko na nimemwambia aichukue ile ya manila na ile ya "nani yuko hapa", lakini asichukue majibu yetu. Kisumu wengi waliokufa wakati ule walikufa kwa risasi za polisi, kwa hivyo mtu kwenye picha atakuwa amevaa sare, na kwa darasa lake lazima kuna mtoto wa askari, na huyo ndiye wa kufikiriwa kabla kitabu hakijafunguliwa. Ukienda Mlima Elgon ni ingine tena, kule mtoto anaweza kuwa na baba aliyeteswa na wanamgambo wa SLDF na mjomba aliyechukuliwa na jeshi lilipoingia Machi 2008, nyumba moja. Kila mahali pana mtoto aliyekaa katikati wakati jina linatajwa. Mwalimu anafaa kumjua kabla ya kuanza, na aongee na mzazi wake kabla ya grupu. Hio tu Tichaa anasema angeirudia tofauti, si kitabu.

Yule mama, mtoto wake alirudi baada ya muda, akaja tu na boda kama kawaida, hatukuuliza. Grupu ilitulia ilipopata jambo lingine la kugombania, michango ya uji.

Tunachobishania sai ni umri na kalenda. Tichaa anataka vitabu vya vita vianze Grade 6. Mimi nasema Grade 4 ni sawa, maana wale wa Grade 4 ndio waliuliza, na wa Grade 3 waliobaki nje wangekuwa wanachungulia dirishani. Mwalimu mkuu wa shule tunayoazima darasa yeye amesema hana shida na ndovu wala manila, ila kampeni za 2027 zikianza hataki kusikia neno 2008 kwa compound yake mpaka matokeo yatangazwe na watu watulie. Mzee wa historia alimuuliza kama anadhani watoto hawatakuwa wanalisikia kwa matatu. Hakujibu. Tumekubaliana tuendelee muhula huu, alafu mwaka ukiisha tukae naye tena.